Usalama na Ulinzi: Tatizo la Neno Moja kwa Mambo Mawili

Mfasiri mmoja wa Kahama ametuandikia akiomba ushauri. Amepewa kazi ya kutafsiri masharti ya vituo vya tiba vya jimbo la Oregon, Marekani, ili yatumike katika mafunzo ya watumishi wa afya. Vituo hivyo hutoa, kwa leseni, dawa ya uyoga iitwayo silosibini, ambayo humfanya mtu aone na kuhisi mambo yasiyokuwapo. Wapiga kura wa jimbo hilo waliviridhia mwaka 2020, na vya kwanza vikafunguliwa mwaka 2023. Rasimu ya ndugu huyu ni nzuri, ila ina kasoro moja ambayo si yake peke yake: neno usalama limebebeshwa mambo mawili ambayo mara nyingine hugongana.

Kiingereza kina majina mawili kwa mambo hayo, safety na security. La kwanza lahusu mtu asidhuriwe na kitu. La pili lahusu kitu kisifikiwe na mtu asiyeruhusiwa. Sisi tumezoea kuyaita yote usalama. Tunasema Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na usalama barabarani, tukikusudia maana ya kwanza. Kisha twasema Usalama wa Taifa, au Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tukikusudia ya pili. Aghalabu muktadha hutuokoa. Hautuokoi hata kidogo katika waraka unaodai yote mawili kwa pamoja, tena katika jengo lile lile.

Tuchukue mfano wa mlango. Rasimu yasema: "Milango yote ifungwe kwa ajili ya usalama." Msimamizi wa kituo akisoma hivyo atanunua kufuli, ataajiri askari, na atamfungia mgonjwa ndani akiamini kwamba ametii sheria. Lakini mtu aliyekwisha kumeza dawa hii hukaa katika hali hiyo saa kadhaa, na huenda akashikwa na hofu kubwa asijue alipo. Moto ukizuka, kufuli ile ile iliyomzuia mwizi itamzuia mgonjwa. Neno moja litakuwa limetimiza sharti moja na kuvunja jingine.

Wachimbaji wa Geita na Shinyanga wanalijua jambo hili kwa vitendo kuliko sisi tukaao na kamusi. Tazama ghala la baruti mgodini. Boma, kufuli, na daftari la kuandika kila kinachoingia na kutoka, hayo yamewekwa ili baruti isiibwe. Kuziweka fataki mahali pake mbali na baruti, kukataza moto wa aina yoyote, na kulijenga ghala mbali na makazi ya watu, hayo yamewekwa ili baruti isiue. Mwizi hazuiwi na fataki kuwekwa kando, wala mlipuko hauzuiwi na kufuli. Vivyo hivyo katika maduara ya wachimbaji wadogo. Oktoba 2015 duara liliporomoka huko Nyangarata, wilayani Kahama, na wachimbaji watano wakaja kuokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Askari wa kulinda dhahabu, hata wangekuwa mia, hawana kazi katika jambo la namna hiyo. Litakiwalo ni matimba imara na njia ya kutokea.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika nyaraka za vituo vyenye dawa kali, usalama ubaki kwa maana ya mtu kutodhurika, na ulinzi utumike kwa maana ya kuzuia wizi, uvamizi na utoroshaji. Kichwa cha waraka kiwe "Masharti ya Usalama na Ulinzi", si "Mahitaji ya Usalama" kama ilivyo katika rasimu. Mahitaji ni kile mtu anachokikosa na kukitaka. Masharti ni kile anacholazimishwa kutimiza, la sivyo leseni inafutwa. Kosa hili la pili ni dogo kwa sura, lakini tumeliona katika nyaraka nyingi mno.

Yapo mapingamizi. Mwalimu mmoja wa Shinyanga ametukumbusha kwamba sungusungu walioanza huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi, waliitwa pia basalama. Mwananchi wa kawaida huko, asema, akisikia usalama hufikiri kwanza juu ya mlinzi mwenye upinde. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatuna nia ya kumsahihisha mwananchi katika mazungumzo yake. Lakini kwetu yaongeza tu sababu ya kutenganisha maneno katika sheria: ikiwa usalama humpeleka msomaji moja kwa moja kwa mlinzi, basi mgonjwa atasahauliwa upesi zaidi.

Hapa nchini hakuna vituo vya dawa hizo. Vilivyo karibu zaidi kwa utaratibu ni vituo vya methadoni kwa watu walioathirika na heroini. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011. Huko mgonjwa hunywa dawa yake mbele ya mtoa dawa. Je, huo ni usalama au ulinzi? Ni yote mawili: asizidishe kipimo, na dawa isitoke nje ikauzwa. Mahali kama hapo mfasiri hana budi kuuliza kusudi la sharti kabla ya kuchagua neno, na pengine kuyaandika yote mawili.

Limebaki jina la mtu akaaye na mgonjwa muda wote wa tiba. Rasimu yamwita mlinzi. Hapana, hilo lamgeuza mgonjwa kuwa mahabusu. Mganga nalo halifai, hasa katika mikoa hiyo ambako neno hilo lamhusu daktari wa serikali na mtaalamu wa tiba asili pia. Tumechagua mwangalizi. Kwa dawa zenyewe tunapendelea dawa za maruweruwe kuliko dawa za njozi, maana njozi huja kwa aliyelala, na huyu yu macho.

Kifungu cha mlango tumemrudishia mfasiri kikiwa hivi: "Kwa ajili ya ulinzi, stoo ya dawa ifungwe kwa ufunguo wakati wote. Kwa ajili ya usalama, mlango wa chumba cha tiba uweze kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo, na mwangalizi asitoke humo mpaka mgonjwa arudiwe na fahamu zake kamili."