Kinga ya Mbu Dhidi ya Vimelea vya Malaria

Mbu jike wa Anofelesi anapofyonza damu ya mtu mwenye malaria, sehemu kubwa ya vimelea anavyovimeza hufia tumboni mwake. Mlo mmoja unaweza kuwa na mamia ya vimelea vya jinsia, lakini vinavyofaulu kujenga kifuko kwenye ukuta wa utumbo huwa vichache mno, mara nyingi havizidi vitano. Vingine humalizwa na vimeng'enya, vingine na kinga iliyomo katika damu ya binadamu yenyewe. Vinavyobaki hukabiliana na kinga ya mbu.

Mbu hana kingamwili kama za binadamu. Badala yake ana protini zinazozunguka katika umajimaji wa mwili wake, chembe za damu zinazomeza wavamizi, na kemikali kali zinazozalishwa papo hapo. Silaha hizi hukutana na kimelea katika hatua yake dhaifu kuliko zote. Kiasi cha siku moja baada ya mlo, kimelea kilichotokana na muungano wa dume na jike hupenya chembe za ukuta wa utumbo. Chembe iliyopenywa huharibika, na kabla ya kufa humwaga kemikali zinazokitia kimelea alama. Kinapotokeza upande wa pili, protini iitwayo TEP1 hukinata mwilini. TEP1 huhifadhiwa tayari kwa kazi na protini nyingine mbili, LRIM1 na APL1C. Zote tatu zikishirikiana, kimelea hupasuka, au hufunikwa na rangi nyeusi ya melanini. Katika maabara, jeni ya TEP1 ikizimwa, idadi ya vifuko huongezeka mara kadhaa.

Bakteria wa utumboni nao wana mchango mkubwa. Damu inapoingia, bakteria hao huongezeka kwa kasi, na kuongezeka huko huamsha kinga ambayo huwapiga bakteria na vimelea kwa pamoja. Ndiyo maana mbu waliopewa antibiotiki huambukizwa malaria kwa urahisi zaidi.

Kama kinga hii ni kali kiasi hicho, kwa nini malaria inaendelea kuenea? Jibu mojawapo lilianza kuonekana mwaka 1986, watafiti wa Marekani walipotangaza ukoo wa Anopheles gambiae uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi ukawa unavifunika vimelea kwa melanini. Ukoo huo uliviua vimelea vya aina nyingi, lakini Plasmodium falciparum wa Afrika, aliyezoeana na mbu huyo kwa muda mrefu, alipenya. Mwaka 2013 ilibainika kwamba protini yake iitwayo Pfs47 huzuia chembe ya utumbo isimtie alama, hivyo TEP1 hupita bila kumtambua. Vimelea vilivyoondolewa jeni ya Pfs47 hutambuliwa na kuuawa.

Kimelea kilichonusurika hukua ndani ya kifuko kwa takriban siku 10 hadi 14, kisha hutoa maelfu ya vimelea vipya vinavyosafiri hadi kwenye tezi za mate. Kifuko kimoja kinatosha kumfanya mbu awe hatari. Hata hivyo mbu wengi hawaishi muda huo, na kila siku inayoongezwa kwenye ukuaji wa kifuko hupunguza idadi ya mbu wanaofikia kuambukiza.

Jambo hilo ndilo msingi wa kazi inayofanyika Bagamoyo, Tanzania, ambako Taasisi ya Afya Ifakara na Imperial College London wameunda mbu ambao, wakishakula damu, utumbo wao huzalisha peptidi mbili za kuua vijidudu: moja asili yake ni chura, nyingine ni sumu ya nyuki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba peptidi hizo huchelewesha ukuaji wa vifuko, hata kwa vimelea vilivyotoka kwa watoto walioambukizwa katika eneo hilo. Mbu hao wanafugwa ndani ya maabara yenye ulinzi maalumu.