Kabla ya pete, mnajua damu yenu?

Unajua timu anayoshabikia na hata nywila ya simu yake. Je, unajua damu yake?

Seli nyekundu ya damu ni kama kisahani kilichobonyea katikati. Haina kiini, hivyo imejaa hemoglobini ya kubeba oksijeni, na huteleza kwenye mishipa myembamba bila shida. Huishi siku 120 hivi. Kwa mgonjwa wa selimundu, hemoglobini hushikana, seli inajikunja kama mundu na kukwama njiani. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa na kifua huanza. Seli hizo hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu.

Mbona ugonjwa huu umeenea zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani? Malaria. Mwaka 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, alionyesha kuwa mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali. Jeni moja kwa kawaida haimuugui mtu, kwa hivyo huenda unayo na hujui.

Shida ni mkiwa nayo nyote wawili. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua, na hesabu huanza upya kila mara.

Kipimo ni cha damu tu. AA, huna jeni hiyo. AS, unayo moja. Mmoja wenu akiwa AA, hamtapata mtoto wa SS. Mkiwa AS wote, heri mjue leo, mzungumze na daktari, kisha muamue wenyewe.