Riwaya Moja, Wasomaji Watano

Akina mama wengi tunaokutana nao kliniki na katika vikundi vya kanisani wana msimamo mmoja: mtoto akishika kitabu cha shule anasoma, akishika kitabu cha hadithi anapoteza muda, afadhali akachote maji. Nyumbani kwetu maji huchotwa, na hadithi husomwa.

Tuko watano, na riwaya hununuliwa nakala moja tu, mara nyingi kuukuu. Tunaivalisha jalada la karatasi ya kaki na kuandika majina ya zamu kwa ndani. Nani atangulie? Hapo ndipo kelele zinapoanzia. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960, kilitutesa kweli. Aliyekimaliza kwanza alizunguka nyumba nzima akitabasamu, ikabidi tupige marufuku kumtaja muuaji wakati wa chakula. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, kijana wetu aliisoma mara mbili mfululizo, akimfuata Kongowea aliyetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Baba watoto yeye hurudia Utubora Mkulima ya Shaaban Robert kila anapochoshwa na kazi. Habari za mtu aliyeacha mshahara akashika jembe humliwaza. Sisi tunaopanga bajeti ya mwezi hatumuungi mkono sana.

Kitabu kilichotufanya tukae chini tuzungumze ni Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, kilichochapishwa mwaka 1971. Ni habari ya binti wa Ukerewe, mwenye baba mlevi na mkali, aliyepigwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Alipopelekwa shule ya bweni akawa huru ghafla, bila aliyewahi kumweleza lolote kuhusu wavulana. Kwa kipindi fulani kitabu hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Binti yetu alipokuja nacho, ameazimwa na mwenzake, jirani mmoja alishauri tukichome.

Hatukukichoma. Tulikisoma usiku mbili, tukamrudishia, naye akaendelea.

Mama mwenzetu, sisi wauguzi tumefundisha wasichana habari za balehe na mimba kwa picha za ukutani miaka mingi. Wanaitikia kwa vichwa, hawaulizi kitu. Lakini tukiwa tunachambua mchicha, binti akauliza, “Mama, kwa nini Rosa hakumwambia mama yake?” Kisha yakafuata mengine: kuhusu kutoa mimba, kuhusu wavulana, na kama babu naye alikuwa akipiga hivyo. Aliweza kuuliza kwa kuwa mambo yalikuwa ya Rosa, si yake. Baadhi ya majibu yalitutoa jasho. Swali la babu tulilijibu kwa ukweli.

Hatusemi kila riwaya ni ya kila mtoto. Mdogo wake wa miaka kumi na mmoja alipewa Adili na Nduguze, akanuna siku nzima. Tena mwisho wa Rosa Mistika ni mzito: Rosa anajiua. Mtoto aliyejitenga, asiyekula wala kulala vizuri, asiachiwe kurasa hizo peke yake. Asome mama akiwa karibu, na kama huzuni yake ni ya siku nyingi, aletwe kituo cha afya, kwa maana hilo si jambo la kitabu tena.

Zamu ya baba watoto ilichukua wiki tatu. Mwenye kitabu alikuwa ameanza kukidai. Alikirudisha mezani bila kusema neno, nasi hatukumuuliza. Jumamosi iliyofuata binti alichelewa kutoka mazoezi ya kwaya. Baba yake alikuwa barazani. Akamuuliza alikuwa wapi, halafu akasogeza kiti, akamwacha aeleze mpaka akamaliza.