Kinachoipindua Lifti ya Kazi za Juu

Tarehe 27 Oktoba 2010, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana nchini Marekani, mwanafunzi wa miaka 20 alipanda lifti ya mkasi kurekodi video ya mazoezi ya timu ya chuo. Lifti ilipandishwa kiasi cha mita 12. Upepo ulikuwa mkali tangu mapema, na kijana alikuwa ameshaandika mtandaoni jinsi unavyomtia hofu. Dharuba ya kama kilomita 85 kwa saa ilipopiga, lifti ilipinduka naye akafariki dunia. Machi 2011, idara ya usalama kazini ya jimbo hilo ilikitoza chuo faini ya dola 77,500, na moja ya makosa lilikuwa kutowafundisha wanafunzi waliotumia mashine hizo.

Ajali ya aina hii inaweza kueleweka kwa hesabu ya darasani. Uzito wa mashine, wa mtu na wa vifaa vyake una kitovu kimoja. Mstari unaoshuka wima kutoka kwenye kitovu hicho ukiangukia ndani ya eneo lililozungukwa na magurudumu, mashine inasimama. Ukitoka nje ya eneo hilo, inapinduka. Sasa lifti nyingi za mkasi za kazi za ndani zina upana usiofika mita moja. Kikapu kikiwa juu, nguvu ndogo ya ubavuni inatosha kuanzisha mambo, kwa sababu uwezo wa kupindua ni nguvu yenyewe mara kimo inakosukumia.

Upepo ndio nguvu hiyo, na una tabia ambayo watu wengi hawaijui: kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Lifti nyingi zilizoundwa kwa kazi za nje zimewekewa kikomo cha mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Kwenye dharuba ile ya Indiana, msukumo ulikuwa zaidi ya mara tatu na nusu ya ule wa kikomo hicho. Lifti za ndani tu kikomo chake ni sifuri. Hata upepo wa lango la ghala lililoachwa wazi hauruhusiwi.

Mchukue fundi anayepandisha bango la mita mbili kwa moja na nusu. Kwenye upepo wa kikomo, bango hilo peke yake linasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 35. Fundi hauhisi kama uzito, maana kikapu ndicho kinachoubeba, lakini magurudumu kule chini yanauhisi wote. Mafundi wa mabango wa Mombasa na Dar es Salaam wanaijua kusi ya katikati ya mwaka. Wengi wao wanapima upepo kwa kutazama minazi. Minazi haitoshi. Juu upepo huwa mkali kuliko chini, na kati ya maghorofa mawili hubanwa ukazidi kasi. Kipimo cha mkononi ni kifaa kidogo, na kinapaswa kusomwa kule kule kwenye kikapu.

Upande wa pili ni ardhi. Kwa mashine yenye mkono mrefu, msingi ukiinama nyuzi moja tu, kikapu kilicho mita 20 juu kinasogea ubavuni kama sentimita 35. Gurudumu likidumbukia ghafla kwenye shimo, mkono unatikisika kwa nguvu na kumrusha mtu nje ya kikapu, ingawa mashine yenyewe haijaanguka. Ndiyo maana mkanda wa mwili unafungwa kwa kamba fupi kwenye pete iliyowekwa ndani ya kikapu: kazi yake ya kwanza ni kukuzuia usitoke. Usiifunge kamba hiyo kwenye nguzo au paa la jengo, kwani mashine ikisogea itakuvuta.

Mashine yenye miguu ya pembeni inahitaji ubao mpana chini ya kila mguu. Mguu wa sentimita 30 kwa 30 ukiwekwa juu ya ubao imara wa mita moja ya mraba, shinikizo kwenye udongo linapungua mara 11. Kwenye saiti zetu hatari kubwa ni mtaro uliofukiwa juzi. Kwa macho ni ardhi ngumu, chini ni udongo uliolegea.

Halafu kuna umeme. Baadhi ya nyaya za mitaani ni za volti 11,000 au 33,000, na umeme huo unaweza kuruka hewani bila kuguswa. Kanuni za Marekani zinataka angalau mita 3 kati ya mashine na nyaya za hadi volti 50,000. Matairi ya mpira hayakuokoi, na aliye chini akishika mashine iliyogusa waya anaweza kufa kabla ya aliye juu. Ukihitaji kukaribia, shirika la umeme lizime laini kwanza.

Baada ya msiba ule, Notre Dame waliweka kamera zinazoongozwa kutoka mbali. Naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote: kazi inayoweza kufanyika bila mtu kupanda, ifanyike hivyo.

Pale ambapo lazima mtu apande, naomba jambo moja kwa kila mkandarasi na kila mwenye mashine. Kabla kikapu hakijaondoka chini, mfundishe aliyebaki chini kukishusha kwa vishikio vya dharura, na umwone akifanya kwa mkono wake. Fundi aliyezimia akining'inia kwenye mkanda ana dakika chache tu. Na yule aliye juu akisema upepo umezidi, mshushe bila kumhoji.