Kivu: Regulateri ya sola ikizimika, tafuta chanzo mbele ya kununua mpya

Katika vituo vya afya vya Walikale, Shabunda na sehemu zingine ambako umeme wa SNEL haufiki, wamama wengi wanajifungua usiku kwa mwanga wa sola. Pano iko juu ya paa, batri iko chini, na kati yake kuna kisanduku kidogo ambacho watu hawakiangalie sana: regulateri. Siku kinazimika, taa zinazimika nacho, na frigo ya chanjo inayotegemea batri hiyo, ambayo inapaswa kubaki kati ya digrii 2 na 8, inaanza kupata joto.

Mara nyingi uamuzi unachukuliwa palepale: plaketi imeungua. Pesa inakusanywa, mtu anatumwa Goma ao Bukavu kununua ingine. Inafungwa, na kiisha siku chache nayo inaungua. Ni kwa sababu ugonjwa haukuanzia kwenye plaketi.

Kupima mbele ya kufungua

Fundi mwenye kujua kazi anaanza na multimita. Batri ya asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika, inaonyesha karibu volti 12,7. Ikishuka kufikia karibu 11, regulateri nyingi zinakata taa zenyewe ili kulinda batri. Hapo chombo hakikuharibika; kimefanya kazi yake.

Kisha anapima kwenye skrubu za regulateri. Ikiwa batri inatoa 12,7 lakini pale inafika sifuri, shida iko njiani: fiuzi imekatika, waya umelegea ao kichwa cha batri kimeshika kutu. Pano ya seli 36, ikitenganishwa na kuelekezwa kwenye jua kali, inatoa karibu volti 20 hadi 22. Umeme ukifika vizuri pande zote mbili na regulateri bado imelala, sasa ndipo afungue, kiisha kutoa waya zote.

Ndani ya kisanduku

Macho na pua vinafanya nusu ya kazi. Weusi karibu na skrubu unaonyesha kwamba waya ulikuwa umelegea, ukapata moto na kuyeyusha bati. Kondensateri yenye kichwa kilichovimba imekwisha. Vumbi, unyevu na mende waliofuata joto vinaweza kuunganisha njia za umeme ambazo hazipaswi kugusana. Burashi na alkoli vinasafisha.

Transistori kubwa ndizo zinakufa zaidi, na mara nyingi zinakufa zikiwa zimefunga: zinapitisha umeme bila kukata. Batri inachemka, maji yake yanakauka. Kwa hiyo kubadilisha batri bila kupima regulateri ni kupoteza pesa mara mbili.

Nini kiliiua?

Sababu tatu zinarudi kila mara. Ya kwanza ni konvertisa kufungwa kwenye tundu la taa la regulateri. Ikianza inavuta umeme mwingi kupita nguvu ya plaketi. Konvertisa kubwa inafungwa moja kwa moja kwenye batri, na fiuzi yake.

Ya pili ni mpangilio wa waya. Wakati wa kufunga, batri ndiyo ya kwanza, pano ya mwisho. Wakati wa kufungua, pano inatoka kwanza. Pano ikibaki peke yake bila batri, volti zake zote zinaweza kuingia kwenye plaketi.

Ya tatu ni radi. Milima ya mashariki mwa Kongo ni kati ya mahali radi inapiga zaidi duniani, lakini sola nyingi hazina waya wa kuingia udongoni.

Kituo kinaweza kubandika karatasi karibu na regulateri na kuandika kila juma volti za batri na za pano. Siku taa zitazimika, fundi atasoma karatasi hiyo na kujua pa kuanzia, mbele ya mtu yeyote kutumwa mjini na pesa za wagonjwa.