Kufuga Matumbawe Nyumbani: Je, Yafaa?

Alhamdulillaah. Jamaa yako wa Songea akikuomba samaki na matumbawe hai ya kupamba sebule, tunasema: kufuga ni halali kwa sharti la kutotesa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa mwanamke aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia.

Matumbawe ni wanyama, si mawe. Yanahitaji chumvi gramu 35 hivi kwa lita, joto la nyuzi 24 hadi 27, mwanga, na maji yanayozunguka usiku na mchana. Songea ina baridi Juni na Julai. Umeme ukikatika bila betri, huangamia. Wala tusivunje mwamba wetu. Asiyemudu, afuge samaki wa ziwani. Nyasa iko mkoani humo humo. Wallaahu a'lam.