Drili ya nyundo: jua unatoboa nini

Vikundi vingi vimechanga pesa na kununua drili ya stima ya pamoja, ile yenye nyundo ndani. Ni jambo zuri. Lakini kuna kikundi cha akina mama ninachokitembelea ambacho kilikosa maji ya mvua kwa ajili ya drili hiyo hiyo. Kijana wao alikuwa akifunga bomba linaloshusha maji ya gata hadi kwenye tangi. Ukuta ulikuwa wa bloku zenye matundu, naye akatoboa nyundo ikiwa imewashwa. Bloku zikabomoka kwa ndani bila mtu kuona. Mvua kubwa ya kwanza iling'oa bomba lote.

Akina mama waliniuliza, "Dada, tuliuziwa drili mbovu?" La, drili ilikuwa nzima.

Itazame yako. Ina swichi yenye picha mbili, moja ya nyundo na moja ya biti, yaani kile chuma cha kutobolea. Ukiweka kwenye biti, inazunguka tu. Ukiweka kwenye nyundo, inazunguka huku ikigonga kwa kasi. Kugonga ni kwa zege na jiwe gumu. Kwa mbao, bati, chuma, vigae na bloku zenye matundu, zima nyundo.

Kazi ya gata inakupitisha karibu kote. Kwenye ubao wa ukingo wa paa, tumia biti ya mbao yenye ncha katikati. Kwenye bati, gonga alama kwanza kwa msumari ili biti isiteleze, weka kipande cha ubao nyuma, kisha uende pole pole. Ukutani sasa uwe mwangalifu. Mawe ya Ndarugo, na yale ya matumbawe kule Pwani, si magumu sana. Anza bila nyundo. Usikaribie ukingo wa jiwe, litapasuka.

Linta ni zege, hapo washa nyundo. Tumia biti ya ukuta, ile yenye kipande kigumu kilichobandikwa kwenye ncha. Sukuma kwa nguvu ya kiasi, usiilalie. Itoe mara kwa mara ili vumbi litoke. Ikigoma ghafla, huenda umegonga chuma cha ndani, hamisha tundu. Plagi ya plastiki ya milimita 8 inataka biti ya milimita 8. Ukipanua tundu, plagi haitashika.

Kama hujui ukuta ni wa nini, toboa kidogo mahali pa kujificha bila nyundo. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Biti ikizama ghafla, kuna uwazi ndani.

Sasa usalama, na hapa watu wetu wanapuuza sana. Vumbi la zege na la mawe mengi lina silika, ambayo huacha makovu kwenye mapafu, na ugonjwa huo hauna tiba. Leso puani haitoshi. Nunueni barakoa ya vumbi, na miwani pia. Waya za stima mara nyingi hupita wima au mlalo kutoka kwenye swichi na soketi, basi usitoboe kwenye mstari huo. Usisimame kwenye maji, wala usitumie waya iliyoungwaungwa kwa tepu. Shika drili kwa mikono miwili ukitumia kishikio cha pembeni, kwa maana biti ikikwama, mashine yenyewe hugeuka na kukunyonga mkono. Ukiwa juu ya ngazi, itakuangusha. Chomoa plagi ya stima kabla ya kubadilisha biti, na usisahau ufunguo mdomoni mwa drili. Leso inayoning'inia au nywele ndefu, funga vizuri.

Akina mama wale walihamisha klipu za bomba hadi kwenye linta na nguzo ya zege ya pembeni. Walimaliza makali ya biti mbili, lakini mvua ya Aprili ilijaza tangi.